Mieloma: andika asili yako na kazi zako, kisha ujue kipimo cha kuomba

Chukua karatasi na kalamu. Andika umri wako, asili ya babu na bibi zako wote wanne, ndugu wa damu waliowahi kuugua saratani ya damu, kazi zote ulizofanya tangu ujana, na mwisho uzito na urefu wako. Mambo hayo matano ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu nani yuko karibu zaidi na mieloma. Vipimo vitakuja baadaye. Karatasi inatangulia kwa sababu daktari mwenye foleni ya watu arobaini hatakuuliza kama uliwahi kupulizia dawa pamba mwaka 1994.

Mieloma ni saratani ya uboho. Ndani ya uboho kuna seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zikiwa na afya, seli hizo ni kama mtaa wa mafundi cherehani, kila fundi na mshono wake. Mieloma huanza pale fundi mmoja anapozaana mpaka mtaa mzima unashona kanzu ya aina moja tu, usiku na mchana, na hakuna aliyeiagiza. Kanzu hiyo ndiyo protini M. Ikizidi huziba figo, huku seli zenyewe zikichochea mifupa iliwe na kubana nafasi ya kutengenezea damu. Karibu kila mieloma hutanguliwa na hali tulivu inayoitwa MGUS: protini M ipo, ugonjwa haupo.

Asili inaongeza nini hasa

Nchini Marekani watu weusi hupata mieloma takriban mara mbili ya weupe, na wenye asili ya Asia Mashariki hupata kidogo kuliko wote hao. Je, ni maisha ya Marekani au ni kitu cha kurithi? Watafiti walipima damu ya wanaume wa Ghana wenye miaka 50 hadi 74, na matokeo yakatoka mwaka 2007: karibu 5.8 katika kila 100 walikuwa na MGUS. Kwa wanaume weupe wa Olmsted, wilaya ya jimbo la Minnesota huko Marekani, ilikuwa karibu 3. Mtu wa Ghana hali wala haishi kama mtu wa Minnesota au Chicago, na bado tofauti ilikuwa ileile inayoonekana kati ya weusi na weupe wa Marekani.

Kabla hujashtuka, piga hesabu. Chukua wanaume 1,000 wa umri huo wenye asili ya Kiafrika. Kama 58 wana MGUS. Katika MGUS, mtu 1 kati ya 100 ndiye anayevuka kuingia kwenye mieloma au ugonjwa wa jamii yake kwa mwaka. Kwa hiyo katika wale 58, kwa mwaka mzima, hata mmoja hatimii. Asili inaongeza idadi ya wanaobeba MGUS. Haimtii mtu ugonjwani kwa mkono wake.

Inachobadilisha ni umri wa kuanza kushuku. Kwa Wamarekani wote pamoja, umri wa kati wa kugundulika ni kama miaka 69. Kwa weusi hushuka kwa miaka minne au mitano, na wapo wanaougua katika miaka ya arobaini. Ukiambiwa huna umri wa ugonjwa huo nawe una miaka 48 na mbavu zinauma mwezi wa pili, hilo si jibu.

Kwa nini babu na bibi wanne, na si rangi? Kwa sababu nasaba ni kipimo cha kadiri, haina ndiyo na hapana. Uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliona kuwa wenye zaidi ya asilimia 80 ya nasaba ya Kiafrika walikuwa na aina fulani za mieloma kwa wingi zaidi kuliko wasio nayo kabisa. Familia za Lamu, Unguja au Muscat ambamo damu za bara, Uarabuni na Uhindini zimekutana haziwezi kueleza hilo kwa kutia tiki kwenye kisanduku kimoja.

Jambo la pembeni kwa walioko Ulaya na Amerika. Watu wengi wenye asili ya Kiafrika huwa na seli nyeupe aina ya neutrofili chache kuliko kiwango kilichochapwa kwenye fomu, na ni wazima kabisa. Chanzo ni tofauti ya kurithi katika kundi la damu la Duffy. Wapo wanaofanyiwa uchunguzi wa uboho kwa hofu ya namba hiyo peke yake. Kama neutrofili zako zimekuwa hivyo miaka yote, huugui maambukizi ya mara kwa mara, na himoglobini na chembe sahani ziko sawa, uliza habari ya Duffy kabla ya kukubali sindano ya mfupa.

Ndugu wa damu wanaohesabiwa hapa ni mzazi, ndugu wa tumbo moja na mtoto. Mmoja wao akiwa na mieloma au MGUS, hatari yako hupanda mara mbili hadi tatu. Shangazi na binamu waandike, ila uzito wao ni mdogo. Kuhusu unene, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka mieloma mwaka 2016 katika orodha ya saratani zinazochangiwa na mafuta ya ziada mwilini. Katika vitu unavyoweza kubadilisha, huo ndio wenye ushahidi uliokomaa kuliko mingine, ingawa watu hupenda zaidi kuuliza kuhusu dawa za shambani.

Mazingira: andika saa, usiandike jina tu

Mstari unaosema "mkulima" haumsaidii mtu. Andika hivi: nyanya, ekari moja na nusu, kupulizia kila siku saba, miezi minne kwa mwaka, miaka kumi na mbili, kuchanganya kwa mikono mitupu, bomba la mgongoni lilikuwa linavuja. Kwa mstari kama huo daktari anaona dawa ngapi zilipita kwenye ngozi.

Ushahidi ulipo ni huu. Wapuliziaji wa dawa za shambani wa Iowa na North Carolina, Marekani, wanaume 678, walipimwa na matokeo yakatoka mwaka 2009: kwa waliovuka miaka 50, MGUS ilikuwa karibu mara mbili ya wanaume wa Minnesota. Zilizojitokeza zaidi ni dieldrini, ambayo ni dawa ya wadudu, mchanganyiko wa kufukizia ghala wenye tetrakloridi ya kaboni, na klorothalonili, ambayo ni dawa ya ukungu. Wanajeshi wa anga wa Marekani waliomwaga Agent Orange, dawa ya kuua majani, kule Vietnam walipopimwa damu iliyohifadhiwa mwaka 2002, asilimia 7.1 walikuwa na MGUS. Wenzao ambao hawakuishika walikuwa asilimia 3.1. Wazima moto wa New York walioingia kwenye vumbi la majengo ya Septemba 11, 2001 nao walikutwa na MGUS kwa wingi kuliko kawaida. Benzini, iliyomo ndani ya petroli na katika baadhi ya thina na gundi, ni chanzo kilichothibitishwa cha lukemia. Kwa mieloma ushahidi wake ni mwembamba zaidi, lakini kinga ni ileile. Simu na maikrowevu haviingii kwenye karatasi hii.

Kwa mpuliziaji, kosa la kwanza ni kuamini rangi ya lebo. Utepe mwekundu, wa njano, wa buluu au wa kijani unaonyesha sumu itakavyokudhuru leo au kesho ukiimeza au ikikugusa. Haukwambii kitu kuhusu miaka ishirini ijayo. Dawa ya utepe wa kijani inayoloweka shati lako kila wiki bado ni ya kuogopwa.

Kosa la pili ni kuziba pua na kusahau ngozi. Katika kupulizia kwa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya sumu huingia kupitia mikono, mapaja na mgongo, na wakati mbaya kuliko wote ni wa kuchanganya, kwa kuwa pale dawa bado haijazimuliwa. Kwa hiyo:

Vaa glavu za naitrili au mpira mzito, si za kitambaa, kabla ya kufungua chupa. Ukipulizia mimea ya chini, mkono wa shati ukae juu ya glavu, ili matone yasiteremke ndani. Ukipulizia juu, kama kwenye mikahawa au miembe, geuza: glavu iwe juu ya mkono wa shati. Suruali daima iwe nje ya buti. Kabla ya kubeba bomba, lijaze maji matupu, lifunge na ulilaze kwa dakika tano. Likivuja kwenye mfuniko au kwenye mpini, badilisha washa ya mpira, usifunge kitambaa. Nozeli ikiziba tumia brashi laini au kijiti cha nyasi. Kuipuliza kwa mdomo ni kuinywa dawa. Ukimaliza, osha glavu zikiwa bado mikononi, ndipo uzivue. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu pia. Mara nyingi ni mama au binti wa nyumbani, ambaye hata hakuwahi kufika shambani. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha itobolewe ili asitokee mtu wa kuwekea mafuta ya kula.

Gereji ina mambo mawili makubwa. Usinyonye petroli kwa mpira na mdomo. Pampu ndogo ya mkono ni ya bei rahisi. Na usinawe grisi kwa petroli: paka mafuta ya kupikia, sugua na unga wa mbao au kitambaa kikavu, ndipo utie sabuni. Mafuta ya kupikia huyeyusha grisi vizuri na hayana benzini. Wapaka rangi, washona viatu na mafundi sofa wahamie uwazini au wafungue pande mbili za banda ili hewa ipite. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Inayozuia ni ile yenye kichujio cha kaboni, na kichujio hicho kikianza kupitisha harufu kimekwisha.

Dalili zinazofichwa na magonjwa mengine

Huku kwetu mieloma huchelewa kwa sababu hujifanya jamaa wa magonjwa tunayoyajua. Maumivu ya mgongo au mbavu yanayozidi mtu akijigeuza huitwa uzee, au kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mgonjwa huanzishiwa dawa za miezi mingi bila vipimo. Upungufu wa damu huitwa malaria au ukosefu wa madini ya chuma. Kiu, kukojoa sana na kufunga choo, ambazo ni dalili za kalsiamu kupanda, huchukuliwa kuwa sukari mpaka sukari ipimwe ikutwe sawa. Nimonia ya mara ya tatu kwa mwaka huitwa baridi.

Baya zaidi ni diklofenaki. Mtu ananunua vidonge dukani kwa maumivu ya mgongo, wakati figo zake tayari zinapambana na protini, na vidonge vile vinamalizia kazi. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye maumivu ya mfupa yamepita wiki nne aache diklofenaki na ibuprofeni, atumie parasetamo, na apime kwanza.

Miguu kulegea ghafla, ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma kutoka ni dharura ya siku ileile. Uti wa mgongo unabanwa, na saa ndizo zinazoamua kama atatembea tena.

Vipimo, kwa mpangilio wa gharama

Anza na vile ambavyo hospitali nyingi za wilaya huweza kufanya: picha kamili ya damu pamoja na kuangaliwa kwa darubini, ESR (kasi ya seli nyekundu kutuama), kreatinini inayoonyesha hali ya figo, kalsiamu, protini jumla na albumini, ambayo ndiyo protini kuu ya damu. Mwombe mtaalamu wa maabara aandike kama seli nyekundu zimepangana kama sarafu zilizolazwa kwenye mkebe. Protini nyingi huzigandisha hivyo. Kisha toa mwenyewe: protini jumla kasoro albumini. Mfano, gramu 98 kwa lita kasoro 32 ni 66. Ikizidi 40, kuna kingamwili nyingi kupita kawaida.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa pande zote mbili. VVU, homa ya ini, kifua kikuu na kichocho cha muda mrefu navyo hupandisha kingamwili, za kila aina kwa pamoja. Tofauti hiyo kubwa peke yake haisemi mieloma. Na kuna mieloma inayotoa vipande vidogo tu vya kingamwili, minyororo mepesi, ambayo haipandishi protini jumla. Mtu ana hesabu nzuri na figo zinakufa.

Kinachotenganisha ni elektroforesisi ya protini za seramu, itakayoandikwa SPEP kwenye fomu. Seramu huvutwa na umeme, protini hujipanga, na mashine huchora mstari. Kushoto kuna mnara mrefu, huo ni albumini. Vinafuata vilima vidogo, na mwisho kulia kuna eneo la gama, ambalo kwa mtu mzima ni kilima cha chini kilicholala. Maambukizi ya muda mrefu hukivimbisha kilima hicho kikawa kama kichuguu kipana. Protini M husimama pale kama sindano: nyembamba, yenye ncha, wakati mwingine karibu ilingane na albumini. Omba nakala ya mchoro wenyewe, si namba tu. Damu yake iwekwe kwenye chupa ya mfuniko mwekundu au wa njano. Ikiwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, hubaki na kuchora mstari wa uongo unaofanana na protini M. Huhitaji kufunga kula.

Pamoja na SPEP omba imunofiksesheni, inayotaja aina ya protini, na kipimo cha minyororo mepesi huru, kappa na lambda. Kwa kipimo kinachotumika sana, uwiano wa kawaida wa kappa kwa lambda ni 0.26 hadi 1.65; figo zikiwa zimechoka, hadi 3.1 huweza kukubalika, kwa hiyo usome pamoja na kreatinini. Mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani, kusanya mkojo wa saa 24 ili minyororo hiyo itafutwe humo: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage na uandike saa, kuanzia hapo kusanya wote, pamoja na wa asubuhi inayofuata saa ileile. Kijiti cha mkojo hakifai kwa kazi hii. Kinaona albumini, minyororo mepesi hakiioni, na watu wengi wametulizwa nacho.

Eksirei ya kawaida huonyesha tundu baada ya sehemu kubwa ya mfupa, kama theluthi, kuwa imeliwa. Skani ya mifupa ya nyuklia hukosa matundu ya mieloma kwa sababu yenyewe hutafuta mfupa unaojengwa. CT ya mwili mzima ya mionzi midogo au MRI ndiyo ya kuomba kama unaweza kuifikia. Uchunguzi wa uboho hufanywa na mtaalamu wa damu, kwa hiyo rufaa ielekee hospitali zinazotibu saratani: Ocean Road, Bugando au KCMC kwa Tanzania, Kenyatta au Moi ya Eldoret kwa Kenya, na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago.

Kusoma majibu

Protini M chini ya gramu 30 kwa lita, seli za plazma chini ya asilimia 10 ya uboho, hakuna kiungo kilichodhurika: hiyo ni MGUS. Seli asilimia 10 au zaidi pamoja na madhara ni mieloma. Madhara yana vipimo vyake: kalsiamu juu ya milimoli 2.75 kwa lita, kreatinini juu ya maikromoli 177, himoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita bila sababu nyingine, au tundu kwenye mfupa. Tangu mwaka 2014 huhesabiwa pia kuwa mieloma seli zikifika asilimia 60, uwiano wa minyororo ukifika 100, au MRI ikionyesha zaidi ya doa moja, hata kama mtu hajisikii chochote. Katikati ya MGUS na mieloma kuna ile inayofukuta, na huyo ni mtu wa kliniki ya karibu.

Mwenye MGUS ahesabu mambo matatu: protini M kufika gramu 15 au kuzidi, protini M ya aina isiyo IgG (IgG ni mojawapo ya aina za kingamwili), na uwiano wa minyororo usio wa kawaida. Bila hata moja, kama 5 kati ya 100 huvuka katika miaka 20. Akiwa nayo yote, 58. Wote warudie vipimo baada ya miezi sita. Mwenye alama sifuri akitulia anaweza kusogeza hadi miaka miwili au mitatu. Wengine kila mwaka. MGUS haina dawa na haihitaji. Anayekuuzia ya kuisafisha anakuibia.

Nani aombe SPEP akiwa mzima? Kupima kila mtu hakujawa utaratibu. Iceland ilianza kujaribu mwaka 2016 na watu zaidi ya 80,000. Kwa maoni yetu, mwenye asili ya Kiafrika aliyevuka 40 na ana mzazi au ndugu mwenye mieloma ana sababu ya kutosha. Kazi ya sumu peke yake, bila dalili, haitoshi. Ikikutana na upungufu wa damu usioeleweka, kreatinini iliyopanda au mfupa uliovunjika kwa kukohoa tu, inatosha na kuzidi. Kuchelewa ndiko kunakoua: katika hospitali za maveterani wa Marekani, ambako tiba ni moja kwa wote, wagonjwa weusi wenye umri chini ya miaka 65 waliishi muda mrefu kuliko weupe wa umri huo.

Vipimo vya kufuatilia vifanywe maabara ileile kila mara, kwa kuwa maabara mbili huweza kutofautiana kwa gramu kadhaa na kukutia hofu ya bure. Juu ya kila jibu andika tarehe, jina la maabara na kreatinini ya siku ile, kisha libane nyuma ya ile karatasi ya kwanza.